Viti Vitano vya Kugan

Thavamani hakuwahi kuniuzia kitu bila kuniudhi kwanza. Alikuwa akiingia dukani kwangu, hapa Pendle Hill, Sydney, kwa mlango wa nyuma asubuhi na mapema, amebeba beseni la tambi za mchele zikiwa bado zinatoa mvuke chini ya taulo, na kabla sijafungua mdomo kumwamkia alikuwa ameshaona kasoro. Friza inavuja. Dengu nimeziweka karibu na sabuni. Karanga zimevunda.

"Kaka, hivi wateja wako umegombana nao?" aliniuliza siku ya kwanza kabisa. "Au unawafukuza kwa adabu?"

Nilimwambia bei yangu. Akafunika beseni, akaanza kuondoka. Nikamwambia bei nyingine. Akaendelea kuondoka. Alipofika kwenye gari nikamwambia bei yake mwenyewe, akarudi, akaziweka tambi mezani kama mtu anayenisaidia. Nimefanya biashara tangu nilipokuwa nauza samaki wakavu nyuma ya gari bovu, nimebishana na Wachina, Walebanoni na Watamil wenzangu, ambao ndio wabaya kuliko wote. Sijakutana na mtu anayejua kuondoka kama Thavamani.

Yeye na mumewe Kuganesan, tuliyezoea kumwita Kugan, walikuja kwa mashua. Wengine tulikuja kwa ndege, na katika jamii yetu tofauti hiyo ina harufu yake, ingawa mezani hatuitaji. Waliwekwa kizuizini kisiwani, wakaletwa bara, wakapewa viza ya muda, ile inayohuishwa kila baada ya kipindi kama maziwa yanayokaribia kuchacha. Wakapata binti, Inbarasi, aliyezaliwa hapahapa na ambaye hata hivyo si wa hapa, ukiuliza wenye mihuri.

Kugan alikuwa fundi wa vigae. Sakafu ya duka langu aliiweka yeye, na mpaka leo hakuna kigae kinachocheza. Asubuhi moja alikwenda ofisi ya uhamiaji kuhuisha viza, chakula chake cha mchana kwenye mfuko, akijua atawahi kazini. Hakuwahi. Viza ya zamani ilikuwa imekwisha, na mpya ilikuwa imelala kwenye meza ya mtu fulani aliyekuwa likizo. Kwa kosa hilo, la mtu mwingine kwenda likizo, walimtoa kwa mlango wa nyuma na kumtia kizuizini. Hakuiba. Hakumpiga mtu. Ningekuwa mimi ndiye ninayeshikilia mali ya mteja namna hiyo, bila bei na bila tarehe, ningefungiwa duka.

Thavamani hakulia mbele yangu. Aliniambia tu, "Kuanzia kesho nitaleta mabeseni mawili." Akaenda.

Sasa nieleze jinsi Kugan alivyopata umaarufu, maana umaarufu huo ndio ulioleta balaa. Kule ndani kulikuwa na bafu linalokarabatiwa. Mafundi waliacha rundo la vigae vilivyovunjika uani. Mikono ya Kugan haijui kukaa bure. Akavipanga vile vipande juu ya zege, bila saruji, bila kitu, akatengeneza tausi mwenye mkia uliofunguka, ndege wa Murugan, mungu wetu. Mtu akampiga picha tausi yule kabla walinzi hawajamfagia. Picha ikatoka nje. Kwa wiki moja Sydney nzima ilimjua tausi wa Kugan.

Hapo ndipo wema ulipoanza.

Wa kwanza walikuwa akina mama wa kanisani, wakiongozwa na Bi Lorraine Tuckwell, mjane mwenye kofia ya majani na moyo mkubwa usio na breki. Wakafuata vijana wa maandamano, wa kijana mmoja Declan, wenye bendera na kipaza sauti, ambao waliichapa picha ya tausi kwenye fulana. Mwisho wakaja watu wa jumuiya yetu, chini ya Injinia Rasanayagam. Huyu Injinia zamani alikuwa akisema watu wa mashua wanatuharibia jina. Tausi alipoingia magazetini, akagundua kwamba Kugan ni ndugu yake.

Makundi matatu, na hakuna lililozungumza na jingine. Kanisani waliwaona vijana kuwa wahuni. Vijana waliwaona akina mama kuwa watu wa keki tu. Injinia aliwaona wote kuwa wazungu. Kila kundi lilikuwa na Kugan wake, na kila kundi lilisema "mtu wetu", vile wachuuzi sokoni wanavyosema "mteja wangu" huku wakimvuta mkono.

Thavamani alikuwa akimtembelea mumewe kila Jumamosi. Utaratibu ni huu: kila aliyezuiliwa anaruhusiwa wageni watano kwa zamu. Unaomba kwa kompyuta siku kadhaa kabla, na anayewahi ndiye anayepata. Kompyuta haijui mke wala mpita njia. Baada ya tausi, Thavamani aliomba Jumamosi moja, akajibiwa kwamba nafasi zimejaa. Akaomba Jumatano. Zimejaa. Jumanne. Zimejaa. Akaamini kwamba serikali imeamua kumfungia mlango, na mimi nikamwambia hivyohivyo, kwa sababu ukiwa umeibiwa mara kumi na mtu mmoja, ya kumi na moja huulizi ni nani.

Miezi ikapita. Kwenye simu Kugan akaanza kubadilika sauti.

"Mbona huji?" alimuuliza.

"Nimeomba. Pamejaa."

"Pamejaa vipi? Kila siku naitwa chumba cha wageni, watu wanakuja. Watu nisiowajua wanapata nafasi, mke wangu anakosa?"

"Kugan, nimeomba."

"Haya," akasema. Hiyo "haya" Thavamani aliniigizia jinsi ilivyotoka. Ilikuwa ya mtu anayefunga duka.

Wiki moja na siku kidogo kabla ya Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, Kugan alimpigia mara ya mwisho. Alisema kuna karatasi za kukubali kurudishwa nyumbani, kwamba Ijumaa, kesho yake baada ya Pongal, ofisa atakuja nazo, na kwamba atasaini. "Umeshachoka nami, sikulaumu. Usinipigie tena." Akazima simu na hakuiwasha.

Nyumbani walikuwa wanamngojea watu gani, Thavamani alikuwa anajua. Kaka yake Kugan alichukuliwa na watu haohao kwenda kuulizwa maswali machache, na maswali hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo alikuwa na jambo moja tu duniani: kukaa mbele ya mumewe kabla ya Ijumaa ile. Karatasi haikumtia wasiwasi kama ule uso aliokuwa hajauona.

Aliniambia haya yote akiwa amesimama karibu na friza, beseni bado mkononi. Nilikuwa natafuta la kumjibu nilipomsikia mtu anaingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa Bi Lorraine na kofia yake.

"Habari za asubuhi, mpenzi wangu," akaniambia. "Zile chakri zako za kwenye pakiti zimebaki? Ziwe zimefungwa kiwandani, za nyumbani hawaruhusu."

"Ziko pale, mama."

"Ni za rafiki yangu, Kugan. Yule wa tausi." Akachagua pakiti ya vile vitafunwa vigumu vya unga, akaigeuzageuza. "Maskini, sikukuu yenu inakuja, nimeomba nafasi ya kumwona, mimi na Patricia wa kanisani. Hana mtu, unajua. Mke wake hamtembelei kabisa. Hasemi, lakini mtu unaona."

Nilimwangalia Thavamani. Hakusogea. Kisha aliweka beseni chini, taratibu sana, juu ya kigae alichokiweka Kugan, akatoka nyuma ya rafu.

"Mama," akasema, "umeomba siku gani?"

"Alhamisi, mpenzi. Siku ya Pongal. Na Jumanne zote, mpaka mwisho wa mwezi ujao. Lazima uwahi, la sivyo wengine wanazichukua."

"Wengine wepi?"

"Aa, wapo vijana. Na wale mabwana wenye suti." Lorraine akatabasamu. "Wewe unamfahamu Kugan?"

"Nimezaa naye," Thavamani akasema.

Nimeona watu wakivunjiwa bei, nimeona watu wakifilisika mbele yangu. Sijaona uso ukianguka kama wa mama yule. Akashika rafu ya chakri, pakiti zikamwagika.

"Ooh," akasema. "Ooh, mpenzi wangu. Sikujua."

"Hukuuliza."

"Tulidhani…"

"Mlidhani! Mmekaa kwenye kiti changu mkila keki za nazi za pakiti, mkimwonea huruma mume wangu kwa sababu kiti changu kiko tupu!" Sasa sauti ilipanda mpaka mteja aliyekuwa anachagua bamia akaziacha. "Keki zenyewe hazipendi, kaniambia kwenye simu! Anampa mlinzi! Mlinzi ndiye amenenepa!"

Bi Lorraine alianza kulia. Thavamani alimtazama bila huruma hata chembe, na mimi sikumlaumu. Machozi ya mtu aliyekukanyaga si dawa ya kidole.

"Usilie," akamwambia mwishowe. "Huna muda wa kulia. Waite hao wengine."

Wakaja jioni ya kesho yake, ghalani kwangu, wakakaa juu ya magunia ya mchele kwa sababu viti sina. Injinia Rasanayagam alitandika kitambaa kwanza. Declan alikuja na fulana ya tausi. Thavamani alibaki amesimama. Nilikuwa nimemshauri kitu kimoja tu: usiwaombe. Anayeomba ndiye anayepangiwa bei.

Hesabu ya viti ilikuwa rahisi. Siku ya Pongal, Lorraine alikuwa na viti viwili, Declan viwili, Injinia kimoja. Vitano. Kila kundi lilikuwa limewaza jambo lilelile jema: Kugan asiwe peke yake siku ya sikukuu.

"Ndugu zangu," Declan alianza, "nadhani kwanza tukubaliane kwamba adui yetu ni mmoja, ni mfumo…"

"Mfumo haujakaa kwenye kiti changu," Thavamani akamkatiza. "Wewe ndiye umekaa."

"Sawa. Nakubali. Lakini Alhamisi siwezi. Naingia na mwandishi wa habari. Tumehangaika miezi kumpata. Hadithi hii ikitoka, inaweza kuwasaidia wote waliomo mle ndani, si Kugan peke yake. Lazima tufikirie picha kubwa."

"Ijumaa anasaini karatasi za kurudi," Thavamani akasema. "Picha kubwa utaipiga wapi, uwanja wa ndege?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Wote watatu walikuwa wamemtazama Kugan usoni wiki ileile.

"Mimi aliniambia joto limemchosha," Lorraine akasema polepole.

"Mimi aliniambia yuko salama, Mungu ni mwema," akasema Injinia. Kisha akageukia Kitamil, akidhani wengine wasiposikia heshima yake itapona. "Dada, mambo haya ya familia ungeniletea mimi kwanza. Kwa nini tuyaanike mbele ya hawa?"

Thavamani akamjibu kwa Kiingereza, kwa makusudi, ili wote wasikie.

"Injinia, hekaluni, kwenye sherehe ya mwaka, siku ya watu wa kijiji chenu ni ipi?"

"Ya saba. Unaijua."

"Siku ya saba ukafika na maua yako na ngoma zako, ukakuta watu wengine wamesimama mbele, wameshika kamba ya gari la mungu. Utafanyaje?"

"Hawathubutu."

"Wakithubutu?"

Sisi tunaokwenda hekaluni, ambako kila kijiji kina siku yake ya kulivuta gari la mungu, tunajua jibu. Mwaka fulani siku ya watu wa kijiji kimoja iliingiliwa kwa bahati mbaya, na watu wakarushiana nazi. Nazi za sadaka, nzima.

"Basi," Thavamani akasema. "Pongal ni siku yangu na mume wangu. Nani amewapa ninyi?"

Declan alisimama. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema anamheshimu, akasema anaelewa uchungu wake, akasema hawezi kumwangusha mwandishi, akatoka. Tulisikia mlango wa gari lake ukibamizwa. Bi Lorraine akasema papo hapo kwamba yeye na Patricia wanaondoa majina. Injinia akakohoa, akasema jumuiya itatafakari. Thavamani alimkazia macho mpaka akasema jumuiya imekwisha tafakari.

Hapo ndipo nilipotia neno langu. Mimi si mtu wa kanisa wala wa bendera, lakini najua jambo moja kuhusu watu: ukimnyang'anya mtu anachojivunia bila kumpa kingine, kesho atakirudia. Lorraine Jumanne yake ilikuwa roho yake. Injinia bila mtu wa kumtembelea angerudi kuwa Injinia tu.

"Humo ndani," nikauliza, "ni nani hana mgeni kabisa?"

Walitazamana. Injinia akasema hajui. Lorraine akasema kuna mzee mmoja hukaa karibu na mashine ya soda, lakini hajawahi kumuuliza jina. Thavamani ndiye aliyewajua, kwa sababu zamani, simu ilipokuwa bado simu, Kugan alikuwa akimhadithia. Mzee Khiem, Mvietnamu, meno hana. Bahman, Muirani, haongei na mtu. Shofique, Mrohingya, mpenda kriketi mpaka anawachosha walinzi.

Akawagawia pale pale, kama anavyogawa tambi. "Mama, Jumanne yako ibaki, lakini ni ya Mzee Khiem. Na Alhamisi hii uanzie kwake. Injinia, wewe Shofique."

"Mrohingya?" Injinia akashtuka. "Tutaongea nini mimi na yeye?"

"Kriketi. Au nyamaza tu. Kunyamaza hujawahi kujaribu."

Bi Lorraine akacheka, machozi yakiwa bado hayajakauka, kisha akajizuia kwa kumwogopa Thavamani. Bahman akabaki bila mtu. "Huyo ni wa yule aliyebamiza mlango," Thavamani akasema. "Atarudi."

Hakurudi. Majina ya Lorraine na Injinia yaliondolewa, jina la Thavamani na la mtoto yakaingia, na viti viwili vya Declan vikabaki palepale. Maana yake Thavamani angekaa na mumewe, lakini kati yao wangekuwapo kijana wa fulana na mwandishi mwenye kalamu. Nikamwambia labda si mbaya sana. Akaniuliza kama mimi ninaweza kumwambia mke wangu ukweli huku mtu anaandika.

Asubuhi ya Pongal alichemsha maziwa kwenye chungu kipya barazani kwangu, kwa sababu kwenye fleti yao kengele ya moshi hulia. Maziwa yakafurika, kama yanavyotakiwa, upande wa mashariki. Hakupiga ile kelele ya furaha ya desturi. Alimfunga Inbarasi nywele, akamvalisha sketi ya hariri iliyokuwa imeshamkaa fupi, akaingia kwenye gari langu. Joto lilikuwa la kupasua kioo.

Kwenye geti la kizuizini wote walikuwapo. Lorraine na Patricia na pakiti za chakri. Injinia na suti yake, jasho linamtiririka shingoni. Na Declan, pamoja na mwanamke mmoja mwenye begi la ngozi, yule mwandishi.

Thavamani hakumsalimu Declan. Alimshika mtoto mkono na kusimama kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuongea, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini mwingine aliniwahi. Bi Lorraine Tuckwell aliivua kofia yake, akaenda kusimama mbele ya Declan. Alimfikia kifuani.

"Declan, mwanangu," akasema kwa sauti yake ileile laini ya keki, "ukikaa kwenye ile meza leo, nakuja kukaa mapajani mwako."

"Lorraine, tafadhali. Ninyi mnafikiria mtu mmoja, mimi…"

"Na nina kilo nyingi. Na nitaimba."

Patricia akasema, "Anaimba vibaya sana, kijana."

Injinia Rasanayagam, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama upande mmoja na mama wa kanisani, alisogea, akasimama bega kwa bega na Lorraine. Hakusema neno. Kumbe aliweza.

Declan alitazama mmoja mmoja. Nilimwona akiitafuta hotuba. Aliyemaliza mchezo ni yule mwandishi. Alifunga begi lake. "Mimi nasubiri nje," akasema. "Mke wake haingii kumwona mumewe mimi nikiandika. Hadithi ya namna hiyo hata mhariri wangu ataniona mshenzi."

Kijana yule aliondoa jina lake dirishani. Alilifuta kwa hasira, na sikumdharau kwa hilo. Hakuwa ameacha kitu kidogo. Wenzake walikuwa wameikeshea kazi ile miezi. Wengine wakaingia, tukabaki yeye na mimi na mwandishi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, tukinywa maji ya moto kutoka kwenye gari langu.

"Nimeipoteza," Declan akasema.

"Umeipoteza ya leo."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi ningemuuliza mwenye mali kabla sijaiuza."

Alinitazama vibaya. Kisha akauliza, "Huyo Bahman anaongea Kiingereza?"

"Haongei kabisa."

"Basi tutaelewana," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimpenda.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa vipande. Lorraine alisema meza zao zilikuwa jirani, na kwamba yeye alikaa akiipa mgongo meza ya Kugan zamu nzima, na kila Patricia alipotaka kugeuka alimbana mguu chini ya meza. Nyuma yake alisikia Kitamil, polepole, kisha haraka, kisha kofi likapigwa juu ya meza mpaka Mzee Khiem akashtuka na kuangusha chakri. Kisha mtoto akauliza kitu, na mwanamume akacheka kicheko kibovu, cha mtu ambaye amesahau kinavyofanywa.

Thavamani aliniambia sentensi mbili tu, njiani, akiwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Neno lake la kwanza lilikuwa, 'Ulikuwa wapi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilikuwa kwenye foleni, nyuma ya marafiki zako."

Ijumaa ofisa alikwenda na karatasi zake. Akarudi nazo. Mchana simu ya Thavamani ililia dukani, akaipokea akiwa amegeukia rafu za mchele. Alisikiliza. Akasema, "Haya." Hiyo ilikuwa "haya" ya mtu anayefungua duka. Aliposhusha simu aliniambia kwamba Kugan hakusaini, na kwamba anataka pilipili za kukaanga, na kwamba kama nina akili nimtafutie kiwanda kinachozifunga kwenye pakiti.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yalikwisha vizuri. Kugan bado yuko ndani. Aliyekwenda likizo alirudi zamani, akapandishwa cheo kwa ninavyojua, na ile viza bado imelala mezani. Nikiyafikiria haya nasaga meno, na mteja akinilalamikia bei ya vitunguu siku hiyo anapata jibu asilostahili.

Lakini Jumanne iliyofuata asubuhi Thavamani aliingia kwa mlango wa nyuma na mabeseni yake. "Kaka, friza bado inavuja. Unangoja tuogelee?" Nilikuwa bado namtafutia jibu pale Bi Lorraine alipoingia kwa mlango wa mbele, akaenda moja kwa moja kwenye chakri.

"Za Mzee Khiem," akasema haraka, kabla hajaulizwa.

Thavamani alimpokonya pakiti, akairudisha rafuni.

"Nimekwambia meno hana," akasema. "Mchukulie halua."

Akamchagulia mwenyewe iliyo laini, akambonyezea pakiti kwa kidole kuhakikisha, akamkabidhi. Kisha akanigeukia kupandisha bei ya tambi zake.